Akiba Juu ya Televisheni

Jumatatu, 3 Machi

Nikifa leo, mji huu utasahau jina lake. Si majivuno — ni hesabu ya wazi. Kila aliyewahi kuoa, kuolewa, kuhitimu, kuhutubia au kuzikwa kwa heshima hapa mjini, sura yake na sauti yake zimo ndani ya kabati la studio yetu. Na ufunguo wa chumba cha kabati anao nani? Mimi. Mfukoni, pamoja na wa nyumbani na wa baiskeli.

Kwenye karatasi ya mshahara wameandika "mhudumu wa jengo". Waache. Karatasi haina macho. Mimi ni Mkuu wa Kumbukumbu. Nalisha jenereta mafuta, nasafisha kichujio cha kiyoyozi, na kila asubuhi naingia chumba cha baridi kukagua taa. Diski kumi na mbili, kila moja na droo yake, kila droo na taa moja ndogo kama punje ya mtama. Taa ikiwa kijani, salama. Ikigeuka nyekundu, mpigie Injinia. Basi. Mtoto anaweza kazi hiyo — ila mtoto hana moyo. Mwaka ule radi ilipopiga nguzo nilishika waya mkuu kwa mkono huu, radi ikaniomba radhi ikarudi ilikotoka. Waulize.

Injinia amekuja leo kupuliza vumbi. Binti mdogo, mfuko mkubwa mgongoni, huniita Anko. Kanieleza habari za droo ya kumi na mbili. Hiyo ni akiba, anasema. Haifanyi kazi yoyote. Imekaa tu, inangoja mwenzake afe ndipo ichukue nafasi yake.

Nikatikisa kichwa kama vile niliibuni mwenyewe.

Haifanyi kazi yoyote! Diski nzima, mpya, inakula umeme na baridi ya bure. Hata mimi siachiwi kukaa hivyo.

Taa zote kijani.


Alhamisi, 6 Machi

Nimekula kwa dada. Mpwa wangu yuko pale na mumewe mpaka ajifungue. Tumbo limemtangulia hatua mbili. Daktari amesema ni wiki mbili tatu hivi. Nitaitwa babu! Na nywele zangu hizi nyeusi (za kweli, karibu zote).

Dada alinituma nyanya zilizoiva. Nikachagua mwenyewe. Alipomwaga karai akanitazama kama karani wa benki anavyotazama saini isiyofanana.

"Kaka. Hizi ndizo zilizoiva?"

"Muuzaji kaniapia."

"Hizi hata kuzaliwa hazijamaliza."

Mkwe akacheka mpaka akashika ukuta. Huyu kijana ananicheka sana. Anauliza mbele za watu, mjomba, hilo kabati unalolinda ni la vyombo au la nguo? Nikamwambia ni kabati ambalo likifunguliwa vibaya mawaziri watalia. Akasema basi lete hata msumari wake tuone.

Kisha mpwa akasema lile jambo. Taratibu tu, akiwa anamenya kitunguu. Anataka sauti ya baba yake.

Marehemu shemeji ndiye aliyeniingiza kazini. Alikuwa msomaji pale studio — matangazo, hadithi za watoto, chochote cha kusomwa. Sauti nzito yenye joto, kama blanketi. Siku moja alikuja na huyu binti, akiwa wa miaka minne, akamweka mapajani mbele ya kipaza sauti akamsimulia hadithi. Mtoto anadakia kila sentensi: "Halafu? Halafu?" Fundi wa sauti akairekodi yote. Mwaka uliofuata shemeji akafariki. Binti hakumbuki sauti hiyo. Anakumbuka ndevu tu, anasema, zilikuwa zinachoma.

Anataka mwanawe akizaliwa asikie babu yake kabla hajasikia kelele za dunia. Akauliza: mjomba, ipo?

Nilitakiwa kusema, naamini ipo, nitamwomba Injinia anitafutie.

Nikasema: "Ipo? Ninayo mfukoni!"

Dada akaacha kuosha vyombo. Akafuta mikono. Sijui kwa nini nimesema vile. Mdomo wangu una miguu yake wenyewe.


Ijumaa, 7 Machi

Nimeiazima ile akiba.

Nimeiazima tu. Akiba haiozi, wahenga walisema, na isiyooza haidhuriki ikitembezwa. Nilibonyeza kifungio, droo ikatoka yenyewe kama jino la mtoto. Kabati likatoa mlio mmoja, likanyamaza. Nikaichomoa diski, nikarudisha fremu yake tupu ili pasionekane pengo.

Jioni nikaiweka mezani kwa dada. Nzito, inang'aa, ina maandishi mengi. Safari hii mkwe hakucheka. Akaigeuzageuza, akasema loo, mjomba.

Nikasema: "Humo ndimo alimo baba yenu."

Nilikusudia kusema "wamo watu kama yeye". Au "hufanana na hii". Lakini ilitoka hivyo, na ilipotoka nikaona uso wa mpwa, nikashindwa kuirudisha.

Aliichukua kwa mikono miwili. Akaiweka juu ya tumbo. Akasema, "Amecheza. Mama, mtoto amecheza."

Dada akaenda chumbani, akarudi na kitambaa chake cheupe cha kufuma, kile cha wageni. Akakitandika juu ya televisheni, akaiweka diski katikati kama picha ya arusi. Nikauliza hawataki kusikiliza? Mpwa akasema hapana, mpaka mtoto aje, wasikilize pamoja. Nafuu yangu hiyo! Nitapata muda wa kutafuta faili la kweli.

Ile diski haina kitu. Haijawahi kuandikwa hata herufi. Iko tupu kama kichwa cha jogoo.


Jumapili, 9 Machi

Dada huisalimia asubuhi. Mpwa ameniambia kwa kicheko, eti mama akifungua madirisha husema "Umeamkaje, baba watoto" kisha huipangusa.

Sikuimaliza chai.

Mkwe ananiamkia kwa adabu sasa. Alipokuwa akipangusa televisheni aliigonga diski kwa kiwiko ikaanguka. Kwenye zulia. Akaomba msamaha mara kumi. Nikamwambia chuma hicho kimewahi kuanguka kutoka kwenye ndege na hakikukunjamana. Kwenye zulia si kuanguka. Zulia ni kama kitanda.


Jumatano, 12 Machi

Kabati linalia! Pii — pii — pii, kama kifaranga aliyeachwa na mama yake. Nimeingia mbio na ndoo na ufagio (sijui ufagio wa nini). Nimezitazama taa moja moja. Zote zinawaka. Zote kijani. Nikazunguka nyuma, nikapuliza vumbi, nikaligonga ubavuni kidogo, kirafiki. Linaendelea.

Dada wa mapokezi akachungulia mlangoni.

"Anko, mbona linalia kama linadai kitu?"

Nikasema ni joto. Kabati kama mtu, likipata joto hulalamika.

Kuna kitufe kidogo pembeni chenye picha ya kengele iliyokatwa mstari. Nilikibonyeza kwa kidole, hakikusikia. Nikakibonyeza kwa kidole gumba cha mtu mzima. Kikazama ndani na hakikurudi. Kimya! Bosi alipita akasema, hodari, kelele ile ilikuwa inaingia mpaka kwenye kurekodi.

Nimetembea kifua mbele mchana wote. Sasa nakaa hapa na kalamu, huyo kifaranga yuko masikioni mwangu bado. Mtoto akilia hafungwi mdomo, huulizwa ana nini. Nami nilishalea.


Jumatatu, 17 Machi

Siku mbaya. Niandike kwa utaratibu.

Injinia amekuja asubuhi. Hajapewa taarifa yoyote. Alikuwa anapita tu. Nikamfungulia kwa mbwembwe, karibu ikulu. Alisimama mlangoni. Hakuvua hata mfuko.

"Anko. Namba saba ni nyekundu."

Nikasema hapana.

"Anko, nyekundu kabisa. Tangu lini?"

Nikasema imegeuka sasa hivi, umeingia nayo wewe, nilipokagua ilikuwa kijani kama jani. Akachomeka kompyuta yake. Kabati linakumbuka kila kitu, kumbe, lina shajara kama mimi. Namba saba ilikufa Jumatano. Jumatano! Ndicho kilichokuwa kilio.

Akasema si neno, akiba itakuwa imeingia nafasi yake. Akavuta droo ya kumi na mbili. Ikaja fremu tupu nyepesi mkononi mwake.

Akanitazama. Hakufoka. Heri angefoka.

"Akiba iko wapi?"

"Nimeipeleka kusafishwa."

"Diski huwa haisafishwi, Anko."

"Kwa nje."

Ndipo akanikalisha kwenye kiti cha plastiki akanieleza kama mtu anayemweleza mgonjwa. Diski zile hazibebi kila moja mzigo wake. Zimebebana. Kila picha imekatwa vipandevipande ikagawanywa kwa zote, na kuna kipande cha ziada cha kukisia kilichopotea. Ikifa moja, waliobaki wanakisia mzigo wake, hakuna kinachomwagika. Lakini ikifa ya pili kabla ya kwanza haijajengwa upya — hapo hakuna wa kukisia tena. Hapotei mmoja. Wanapotea wote. Kila bibi arusi na kila marehemu.

"Na hizi," akasema, "zilinunuliwa boksi moja, kiwanda kimoja, zikawashwa siku moja. Ni mapacha wa tumbo moja, Anko. Mapacha wa namna hii huzeeka pamoja. Akianza mmoja kukohoa, wenzake hawako mbali."

Kumbe akiba si diski isiyo na kazi. Kazi yake ilikuwa kungoja. Nami nikaitoa siku tano tu kabla ya siku yake.

Bosi akaja, akapiga kelele za kutosha watu watatu. Akauliza si tuna nakala? Injinia akasema iko wapi? Bosi akaonyesha kabati. Injinia akasema, kwa sauti ileile ya upole, kwamba kabati si nakala. Chungu kimoja hata ukikiweka kwenye mafiga kumi ni chungu kimoja. Nakala ni chungu cha pili, nyumba ya pili. Alikiomba mwaka jana na mwaka juzi. Bosi akaanza kutafuta miwani yake, na miwani iko usoni.

Diski za aina ile hazipo madukani hapa. Kuagiza ni wiki nyingi. Kwa hiyo ile ya kwetu ndiyo dawa pekee.

Niilete kesho, wamesema. Kutoka kwa fundi wa kusafisha.


Jumanne, 18 Machi

Nimetoka kwa dada. Afadhali ningeenda kung'olewa meno.

Nilitumaini hawapo. Wote walikuwepo. Mpwa amelala kwenye kochi, miguu imevimba, na diski iko ubavuni mwake imefunikwa kitambaa. Anasema ina baridi nzuri mchana, na akiiweka tumboni mtoto anatulia.

Nikasema naichukua kidogo.

"Unampeleka wapi, mjomba?"

*Unampeleka.* Si *unaipeleka*.

Nikasema kumsafisha. Sauti ikae vizuri. Mkwe akauliza, si kwa sababu ya siku ile ilipoanguka? Nikasema hapana, haihusiani kabisa, na akaonekana kufarijika kiasi kwamba nilitaka kumwambia kila kitu palepale sakafuni. Dada aliikunja ndani ya kitambaa chake, akanifungia vizuri kama anamfunga mtoto mgongoni, akanisindikiza mpaka barabarani. Pale barabarani akasema: "Kaka, wewe huwa unatia chumvi. Nakujua tangu unanyonya. Lakini hili najua hukulitia." Halafu akasema, "Asante."

Anadhani hili sikulitia chumvi! Ndiyo maana ya asante yake. Nimekuwa nikiigeuza hiyo asante njia nzima kama jiwe kiatuni.

Mpwa alipaza sauti kutoka ndani: "Mrudishe kabla sijaenda hospitali!"

Kazini Injinia akaipokea. Akatoa uzi mweupe kwenye tundu la skurubu, akautazama, akaniangalia.

"Imeanguka?"

Hapa nilikuwa na mlango wazi. Neno moja.

"Haijaanguka," nikasema.

Kwenye zulia si kuanguka. Akaichomeka. Ikavuma, ikatulia. Kazi ya kujenga upya imeanza.


Jumatano, 19 Machi

Kabati linajijenga. Litachukua siku kadhaa. Kila diski inasoma vipande vyake vyote tangu mwanzo, usiku na mchana, kukisia vya marehemu namba saba na kuviandika kwenye akiba. Sote tunatembea kwa kunyata. Bosi amevua viatu! Soksi zake zina matundu, Mungu anisamehe nilifurahi.

Dada wa mapokezi akazitazama soksi za bosi kisha akatazama zangu.

"Angalau zake zinafanana."

Nikamwambia ndiyo mtindo.

Injinia ameleta diski yake ndogo ya mfukoni. Anasema huku ujenzi unaendelea atachota vitu vichache vya lazima, polepole, ili likimwagika tusibaki mikono mitupu. Vichache tu — kuchota sana kunalichosha kabati na lishachoka. Bosi akamtajia: arusi za wateja wakubwa, lile kongamano, matangazo ya kampuni ya magodoro.

Akageuka kwangu. Huyu binti ana utu.

"Na wewe, Anko? Kuna chako humu?"

Nisimulie vizuri, maana nitayasoma haya siku moja na nitataka kujua nilikuwa mpumbavu kiasi gani. Alikuwa amesimama na kalamu. Bosi ametoka. Tulikuwa wawili. Ningesema: kuna hadithi moja, ya shemeji, na mtoto anadakia halafu halafu. Angeuliza mwaka gani. Ningemwambia. Ingekuwa mfukoni mwake kabla ya chakula cha mchana, nami ningekuwa sikusema uongo tena kule kwa dada, ningekuwa nimetangulia ukweli siku chache tu.

Lakini angeuliza pia: mbona hukuwahi kuniomba? Na ile diski ilikuwa kwa nani? Na uzi ule?

Nikapiga kifua. "Mimi? Kichwa changu ndicho kabati!"

Akacheka. Akaandika magodoro.


Ijumaa, 21 Machi

Majuto ni mjukuu, wazee husema, huja mwisho. Nilidhani ni msemo tu. Kwangu mjukuu anakuja kweli, na wanakuja pamoja, wameshikana mikono.

Namba tatu imeanza kukohoa.

Injinia amenionyesha kwenye kompyuta. Makosa machache, kisha machache zaidi. Nikauliza mbona jana ilikuwa nzima? Akasema haikuwa nzima, haikuwa imeulizwa. Humo ndani kuna kona ambazo hakuna aliyezisoma miaka — hadithi za zamani, arusi za watu walioachana. Ubovu huingia huko kimyakimya. Ujenzi unapopita kila kona ndipo unaukuta. Ilipaswa kabati lijisome lote kila mwezi, kona zote, lijitibu mapema. Bosi alilizima zoezi hilo kwa sababu lilikuwa linachelewesha kazi.

"Hadithi za zamani zipo kona gani?" nikauliza.

"Kila mahali, Anko. Nimekwambia, zimegawanywa."

Kwa hiyo shemeji yuko pale ametapakaa. Kidogo kwenye kila droo. Kidogo kwenye namba tatu inayokohoa, na kidogo kitaandikwa kwenye ile iliyoanguka zulia. Yule mtu aliyenipa kazi. Siku ya kwanza alinishika bega akamwambia bosi wa wakati ule, "Huyu mchukueni, huyu hakosi jambo la kusema." Wakacheka wote. Nilidhani ni sifa.

Injinia anaondoka kesho kwa mteja mwingine, mji wa mbali, hawezi kukwepa. Mtandao wa kabati ameukata, hataki mtu alichokonoe, na skrini yake ya mbele ilikufa zamani. Kengele nayo — akatazama kile kitufe kilichozama, akapumua. "Basi tutategemea macho yako, Anko."

Macho yangu.

Maagizo: niitazame taa ya namba tatu tu. Ikiwa kijani, niache ujenzi umalize, usiguswe. Ikiwa nyekundu, kabati bado litakuwa linashikilia kwa kucha — diski ikikata tamaa huwasha nyekundu kabla haijazima — basi nimpigie papo hapo, arudi, asimamishe ujenzi, achote kilichobaki kinachosomeka kabla ya pumzi ya mwisho. Kusimamisha bila sababu ni hatari. Kutosimamisha kukiwa na sababu ndiyo kwisha.

Nikamsindikiza mpaka getini. Nilifungua mdomo mara tatu. Mlinzi wa getini anatusalimia, tunapiga stori za mpira. Mdomo wangu ambao haujawahi kukosa jambo la kusema.


Jumamosi, 22 Machi

Nimekaa kwenye kiti cha plastiki, chumba cha baridi, makoti mawili. Studio imefungwa leo. Jengo zima ni mimi na mlinzi kule getini. Jua la mchana linaingia kwa upenyo wa mlango.

Dada amepiga asubuhi. Uchungu umeanza, wako hospitali. Anaongea kwa furaha na woga, maneno yanagongana. Mpwa ameomba vitu vitatu: maji, mumewe, na baba yake. "Mlete, kaka. Ulisema unamsafisha tu." Nyuma yake nilimsikia mkwe akisema mwambie mjomba tunamngoja, bila utani wowote.

Nikasema niko njiani.

Niko kwenye kiti cha plastiki.

Kisha akapiga Injinia. Yuko stendi, basi lake linapakia. Ameota namba tatu, anasema, anajicheka mwenyewe, lakini hataki kupanda kabla hajajua.

"Niambie tu rangi, Anko. Neno moja. Kijani, napanda. Nyekundu, narudi sasa hivi."

Nikamwambia asubiri nifute miwani.

"Tangu lini una miwani?"

Nikakata kama vile mtandao umekatika. Atapiga tena, basi halijaondoka.

Nimeitazama ile taa. Nimeitazama kwa jicho la kulia, kwa la kushoto. Nimepiga magoti. Nimeiziba kwa kiganja nikaiziba na jirani yake, namba nne, nikalinganisha. Inawaka. Zinawaka zote. Ndiyo yote ninayoweza kuapia.

Kwenye barabara sijawahi kukosea, hata siku moja: taa ya juu simama, ya chini nenda. Watu hawajui. Mama alijua, alinipangia nguo mpaka naoa. Lakini hizi hazina juu wala chini. Taa ni moja, mahali pamoja, ndiyo hiyohiyo hugeuka.

Mlinzi wa getini ana macho mazuri. Ni hatua chache tu. Ningemwita, njoo mara moja, hii ni rangi gani? Angejibu bila kufikiri. Kisha angenitazama. Kesho dada wa mapokezi angejua, keshokutwa bosi, na ile kazi ya asubuhi — zote kijani, zote kijani, miaka yote hii —

Simu inalia. Ni Injinia.

Inaingia na simu ya pili, ya dada.

Hapa hakuna anayesoma, basi niandike mara moja, nione linavyoonekana: nyekundu na kijani sizijui. Nyanya, soksi, taa. Kwangu ni rangi moja tangu nizaliwe.